Namna ya Kuchagua, Kubadilisha na Kutunza Elementi ya Mashine ya Espresso kwa Wenye Mikahawa wa Mtwara na Lindi

Elementi ya mashine ya espresso ni bomba jembamba la chuma lililokunjwa ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji la mashine, na kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto na kulipitisha joto hilo kwenye maji. Katikati ya bomba hilo hupita waya mwembamba wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao ndio unaopata moto. Waya huo umezungukwa na unga mweupe wa magnesiamu oksaidi ulioshindiliwa sana, unga unaopitisha joto lakini unaozuia umeme usifike kwenye ganda la nje, na ganda lenyewe huwa la shaba nyekundu, la chuma kisichoshika kutu ambacho mafundi hukiita stenlesi, au la aloi yenye nikeli nyingi. Ni vizuri kuyajua maumbile haya mapema, kwa sababu karibu kila ugonjwa wa elementi huangukia kwenye mojawapo ya sehemu hizo tatu: waya umekatika, unga umenyonya unyevu, au ganda limetoboka.

Katika ukanda wetu wa pwani ya kusini sehemu zote tatu zina adui wake. Maji ya visima vya pwani huwa na chokaa na mara nyingi huwa na chumvi, hewa ya bahari ina unyevu unaopenya kila mahali, na umeme hupungua nguvu au kukatika na kurudi kwa kishindo. Isitoshe, elementi mpya huwa haipatikani dukani hapa Mtwara mjini wala Lindi, bali huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kwa mashine zisizo za kawaida huagizwa nje ya nchi. Kwa hiyo mwenye mkahawa anayebadilisha elementi bila kujua kilichoiua ile ya zamani amelipia kipuri ambacho kitakufa kwa ugonjwa uleule, na mwongozo huu umepangwa ili jambo hilo lisimpate.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba elementi ndiyo mbovu

Anza na umeme unaoingia kwenye mashine kabla ya kufungua kitu chochote. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na elementi hupoteza nguvu haraka kuliko volti zinavyopungua, kwa kuwa nguvu yake hufuata mraba wa volti. Elementi ya wati 2,700 inayopata volti 200 badala ya 230 hutoa takribani wati 2,040 tu, yaani imepoteza karibu robo ya nguvu yake ingawa ni nzima kabisa. Mashine inayochelewa kupata presha jioni, wakati mtaa mzima umewasha viyoyozi, lakini ikawa nyepesi alfajiri, haihitaji elementi mpya. Pima volti kwenye soketi wakati mashine inapasha maji, maana volti zinazopimwa mashine ikiwa imezimwa hazionyeshi upungufu unaotokea inapovuta umeme.

Umeme ukiwa sawa, chomoa mashine na uiache ipoe, kisha ukague vifaa vinavyoiongoza elementi. Mashine nyingi zina thamostati ya usalama yenye kitufe kidogo katikati, ambayo hukata umeme joto linapozidi na haijirudishi yenyewe mpaka kitufe kibonyezwe. Nyingine zina fyuzi ya joto ambayo ikishakatika hubadilishwa. Mashine za biashara zina pia swichi ya presha, ambayo vidole vyake vya ndani huungua na kuwa vyeusi baada ya miaka ya kuwasha na kuzima mkondo mkubwa. Vifaa hivi vyote ni vya bei nafuu kuliko elementi, na vyote vikiharibika huleta dalili moja, yaani mashine inawaka taa lakini maji hayapati moto. Hata hivyo, thamostati ya usalama iliyokata ni ushahidi kwamba joto lilizidi mahali fulani, na kuibonyeza tu bila kuuliza sababu ni kuahirisha tatizo.

Sasa ondoa waya kwenye ncha za elementi na upime kwa multimita ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, ambao kipimo chake ni om. Hesabu ni nyepesi: zidisha 230 kwa 230, upate 52,900, kisha ugawanye kwa wati zilizoandikwa kwenye elementi. Elementi ya wati 1,300 ya mashine ya nyumbani inapaswa kusoma takribani om 41, ya wati 2,700 om 19.6, na ya wati 3,500 om 15. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida. Kipimo kikionyesha kwamba njia haipo kabisa, waya wa ndani umekatika na elementi hiyo haitengenezeki.

Elementi za mashine kubwa mara nyingi zina koili tatu kwenye bamba moja, na kila koili ina ncha zake mbili. Pima kila koili peke yake. Koili moja ikikatika mashine huendelea kufanya kazi kwa theluthi mbili ya nguvu yake, na wenye mikahawa wengi huvumilia hali hiyo kwa miezi wakidhani mashine imezeeka.

Kipimo kinachofuata ndicho muhimu kuliko vyote kwa watu wa pwani. Pima kati ya kila ncha na ganda la elementi. Pasiwe na njia yoyote. Multimita ya kawaida inaweza kukudanganya hapa, kwa kuwa betri yake ni ndogo mno kuonyesha uvujaji mdogo. Fundi mwenye mega ya volti 500, yaani kipima uvujaji kinachotumia volti kubwa, atakupa jibu la kuaminika, na kipimo kilicho chini ya megaom 1 ni dalili kwamba umeme unavuja kwenda kwenye ganda. Lakini kuvuja huko si lazima kuwe kifo. Unga wa magnesiamu oksaidi hunyonya unyevu wa hewani kupitia kwenye vizibo vya ncha, na mashine iliyokaa bila kuwashwa katika kipindi cha mvua zetu, kati ya Desemba na Aprili, inaweza kukata breka ya usalama, ile inayokata umeme unapovuja, siku ya kwanza inapowashwa ingawa elementi haina ufa wowote. Ukikuta hali hiyo, toa elementi, iondolee gasketi (kile kizibo cha kati ya bamba na boila) na sehemu zote za plastiki na mpira, uiweke kwenye oveni ya jikoni kwa joto la nyuzi 120 hadi 150 kwa saa kadhaa, iache ipoe, kisha upime tena. Kipimo kikipanda vizuri na kubaki juu, elementi imepona. Kisipopanda, ganda limetoboka na maji yameingia ndani.

Hapa nasema kwa msisitizo wote: usikubali fundi akate waya wa ethi ili breka iache kuruka. Mashine ya espresso ni chuma kitupu, sakafu ya nyuma ya kaunta huwa na maji muda wote, na mhudumu hushika bomba la mvuke kwa mkono uliolowa. Breka inayoruka inamlinda mtu huyo, na waya wa ethi ukikatwa, umeme unaovuja utatafuta njia nyingine kupitia mwilini mwake.

Hatua ya pili: itoe elementi bila kuumiza boila

Mashine iwe imechomolewa, si kuzimwa kwa swichi tu, na kama imeunganishwa moja kwa moja ukutani, zima swichi kuu na uhakikishe kwa tesa. Ngoja ipoe kabisa, fungua bomba la mvuke mpaka kipimo cha presha kisome sifuri, kisha uyamwage maji ya boila. Boila ya mashine ya biashara hufanya kazi kwenye presha ya kati ya bar 1 na 1.3, na maji yaliyomo ndani huwa yamevuka nyuzi 120. Ukiifungua ikiwa na joto hilo, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kukuunguza vibaya.

Piga picha za nyaya kwa simu kutoka pande mbili tofauti kabla ya kugusa chochote. Legeza nati za bamba kwa mzunguko wa msalaba. Kama elementi ni ya kufungwa kwa nyuzi kama za skrubu na imeng'ang'ania, weka mafuta ya kulegezea kutu, uyape muda, kisha ushikilie boila kwa mkono imara au kwa kifaa maalumu ili isijisokote, kwa maana boila ya shaba ni laini na ikipinda gharama yake itaipita elementi mara nyingi. Itoe polepole kwa kuifuata mikunjo yake, kwani ukoko wa chokaa huwa umeifanya iwe nene kuliko tundu iliyoingilia.

Hatua ya tatu: soma maiti kabla ya kuizika

Elementi iliyokufa hueleza ilivyokufa, na dakika chache za kuitazama kwenye mwanga zina thamani kuliko ushauri wa watu kumi.

Ganda lililopasuka, lililobadilika rangi au lenye alama ya kuyeyuka mahali pamoja linaonyesha kwamba elementi iliwaka bila maji. Hii hutokea mara nyingi kuliko inavyokubaliwa. Mashine zilizounganishwa na bomba la maji hujaza boila zenyewe kwa msaada wa kijiti cha kupima usawa wa maji, na maji ya mtaani yakikatika pampu huzunguka bure huku mvuke ukiendelea kutumika na usawa ukishuka. Mashine za kisasa huzima elementi katika hali hiyo, lakini nyingi za zamani zilizoletwa zikiwa zimetumika hazina ulinzi huo, au ulinzi wake umekufa. Kijiti chenye ukoko nacho hushindwa kusoma maji ipasavyo na kuuvuruga ujazaji.

Ukoko mnene mweupe au wa kahawia, ambao wakati mwingine hutoka kwa vipande kama ganda la yai, ni kazi ya maji yenye chokaa. Ukoko huzuia joto lisitoke, ganda la elementi hupata moto kuliko lilivyokusudiwa, na waya wa ndani huungua taratibu. Vijitundu vidogo kama vya sindano, hasa kwenye ganda la stenlesi, ni alama ya kloridi, yaani chumvi iliyomo kwenye maji. Ncha zilizoungua na kuwa nyeusi, pamoja na nyaya zilizokakamaa karibu nazo, zinaonyesha muunganisho uliolegea au ulioliwa na kutu ya hewa ya bahari. Katika hali hiyo koili yenyewe yaweza kuwa nzima, na kilichohitajika ni vichwa vipya vya nyaya tu.

Andika sababu uliyoiona, kwa kuwa uchaguzi wa elementi mpya utaanzia hapo.

Hatua ya nne: chagua kwa vipimo

Jina la mashine husaidia, lakini kampuni moja inaweza kutumia elementi tofauti katika mashine za sura moja kwa kutegemea mwaka na nchi ilikopelekwa. Chukua vipimo hivi kutoka kwenye elementi ya zamani: volti na wati zilizochorwa kwenye bamba, kipenyo cha bamba au cha nyuzi, idadi ya matundu ya bolti na umbali kati ya vitovu vyake, urefu wa elementi kutoka kwenye bamba hadi mwisho, upana wa mikunjo, idadi na aina ya ncha, na kama ina kijibomba cha kuingizia kihisio cha thamostati. Upana wa mikunjo husahaulika mara kwa mara, na elementi yenye mikunjo mipana kuliko tundu la boila haiingii hata kwa maombi. Weka elementi juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, piga picha, na mtumie muuzaji wa Kariakoo picha hiyo pamoja na vipimo ulivyoandika.

Kuhusu volti, kuwa mwangalifu sana na mashine zilizotoka Marekani. Elementi ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 120 ina ukinzani wa om 9.6, na ikichomekwa kwenye volti 230 huvuta karibu ampia 24 na kujaribu kutoa wati 5,500. Haimalizi siku. Mashine ya namna hiyo huhitaji elementi ya volti 230 pamoja na kubadilishiwa pampu, vali za umeme na vifaa vingine vya volti 120, au transfoma inayoweza kubeba mzigo wote, na kwa maoni yangu mashine ndogo haistahili gharama hiyo.

Kuhusu wati, rudisha zilezile zilizokuwepo. Najua mwenye mkahawa anayehudumia wateja wengi msimu wa korosho, fedha zinapoingia mjini kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, hutamani elementi kubwa zaidi ili presha irudi upesi. Lakini elementi ya wati 3,500 huvuta ampia 15 na ya wati 4,500 huvuta karibu ampia 20, ilhali plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ya ampia 13 ambayo ukomo wake ni takribani wati 3,000. Ukiongeza wati unalazimika kubadilisha waya wa umeme, swichi ya presha na breka, na kama una jenereta ya dharura utalazimika kuikagua pia. Plagi inayonuka plastiki iliyoungua tayari inakuambia kwamba mzigo umeizidi.

Kwenye elementi za koili tatu kuna mtego mwingine. Koili za volti 230 zinaweza kuunganishwa sambamba kwenye umeme wa njia moja, au kwa mtindo wa nyota kwenye umeme wa njia tatu wa volti 400. Zikiunganishwa kimakosa kwa mtindo wa pembetatu kwenye njia tatu, kila koili hupata volti 400 na kutoa nguvu mara tatu ya iliyoundiwa. Vipande vya shaba vinavyounganisha ncha vihamishwe kwenye elementi mpya vilevile vilivyokuwa, kwa kuifuata ile picha ya simu.

Kuhusu ganda, shaba hupitisha joto vizuri na inatosha kabisa mahali ambapo maji yametibiwa. Stenlesi ya kawaida ni imara lakini haipendi kloridi ikiwa kwenye maji ya moto, hivyo ukiona elementi yako ya stenlesi ina vijitundu, usinunue nyingine ya aina hiyo hiyo na kuirudisha kwenye maji yaleyale. Aloi ya nikeli, chuma na kromiamu inayouzwa kwa jina la Incoloy huvumilia zaidi, na ikiwa inapatikana kwa vipimo vyako nashauri uilipie tofauti ya bei. Na kama utapewa nafasi ya kuchagua kati ya elementi mbili za wati sawa zinazoingia zote, chukua ile ambayo bomba lake ni refu zaidi, kwa sababu joto lilelile limesambazwa kwenye eneo kubwa, ganda huwa na moto mdogo, na ukoko huchelewa kujijenga.

Elementi isiyo ya kampuni iliyotengeneza mashine si mbaya kwa sababu hiyo peke yake. Mwombe muuzaji apime om mbele yako au akutumie video ya kipimo kabla hujalipa, na ukatae iliyopinda, yenye vizibo vya ncha vilivyopasuka au isiyochorwa volti na wati. Agiza gasketi mbili pamoja nayo. Mkahawa unaoitegemea mashine moja uwe na elementi ya akiba. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga, na kifurushi kilichokuwa kikitegemewa kwa basi hakikuwa na njia ya kupita.

Hatua ya tano: funga elementi mpya

Pima elementi mpya om na uvujaji kabla ya kuifunga, kwa kuwa iliyofika na kosa hurudishwa kwa urahisi ikiwa bado haijalowa. Safisha uso wa boila inapokaa gasketi mpaka mabaki yote yaishe, ukitumia kipande cha mbao au plastiki ngumu badala ya bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha mvuke. Gasketi ya zamani isirudishwe, hata kama inaonekana nzima. Silikoni ya kuzibia madirisha na sinki haifai kwenye boila ya maji ya kunywa.

Ingiza elementi bila kuipinda na uhakikishe haigusi ukuta wa boila wala kijiti cha usawa wa maji. Kaza nati kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo. Unapokaza nati za ncha za umeme, shikilia ile ya chini kwa spana ya pili, maana ncha ikizunguka hukata muunganisho wa ndani na elementi mpya inakufa kabla haijawaka. Tumia nyaya zenye ganda la silikoni linalostahimili joto. Waya wa kawaida wa nyumba huyeyuka mahali hapo. Waya wa ethi urudi mahali pake, juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa.

Jaza maji kabla ya kupasha. Mashine nyingi za biashara zina swichi ya hatua mbili, ambayo hatua ya kwanza hujaza boila tu na ya pili huwasha elementi. Kaa kwenye hatua ya kwanza mpaka pampu izime yenyewe. Kwenye mashine isiyo na swichi hiyo, acha waya mmoja wa elementi ukiwa umetolewa na kufunikwa vizuri mpaka boila ijae, kisha chomoa mashine na uurudishe. Angalia kama kuna tone kwenye gasketi maji yakiwa ya baridi. Ndipo uwashe, ukisimama karibu na kipimo cha presha mpaka kifike kwenye kiwango chake na swichi ya presha ikate yenyewe. Presha ikiendelea kupanda, zima mara moja. Tatizo liko kwenye swichi ya presha, na vali ya usalama isiachiwe kazi hiyo peke yake. Mashine ikishapoa, kaza nati mara moja zaidi, kwa kuwa gasketi hushuka kidogo baada ya joto la kwanza.

Hatua ya sita: itunze kwa kuyatunza maji

Uhai wa elementi katika mji wa pwani unategemea maji kuliko kitu kingine chochote. Maji yasiyotoa povu kwa sabuni yana chokaa nyingi, na yale ambayo ulimi unayaona na munyu yana kloridi. Vipimo vya karatasi vya ugumu wa maji hukupa namba, lakini sabuni na ulimi hukupa onyo la kutosha kuanzia. Tofauti kati ya matatizo haya mawili ina maana kubwa katika kununua kichujio. Kichujio cha kulainisha maji, kile kinachorudishiwa nguvu kwa chumvi, huondoa chokaa lakini hakiondoi kloridi. Kwa maji yenye munyu kinachohitajika ni mtambo wa kuchuja kwa utando, unaosukuma maji kwa presha na kuacha chumvi nyuma, au chanzo kingine cha maji.

Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi hayana chokaa, na kwetu mvua za msimu ni nyingi kiasi cha kujaza matangi. Yana kasoro moja ya kuijua: kijiti cha usawa husoma maji kwa kupitisha umeme mdogo ndani yake, na maji safi mno hayapitishi umeme wa kutosha, hivyo mashine hudhani boila ni tupu na kuendelea kuijaza mpaka maji yatoke kwenye bomba la mvuke. Jambo hilohilo hutokea kwa maji ya mtambo wa utando. Dawa yake ni kuyachanganya na kiasi kidogo cha maji ya bomba yaliyochujwa, ambayo pia huipa kahawa ladha bora, kwa sababu maji yasiyo na madini kabisa huifanya hata arabika nzuri ya Mbinga iwe bapa mdomoni.

Kila mvuke unapotoka, madini hubaki ndani ya boila na maji yaliyosalia huzidi kuwa mazito. Ndiyo maana maji ya boila yanapaswa kubadilishwa: kila siku toa kiasi cha vikombe kadhaa kwa bomba la maji ya moto ili mapya yaingie, na kila baada ya wiki chache uyamwage yote mashine ikiwa imepoa. Mazoea haya hayagharimu chochote na sijaona yanayosaidia kuliko haya.

Ukoko ukishajijenga, njia salama ya kuuondoa kwenye mashine kubwa ni kuitoa elementi na kuiloweka, ncha zikibaki juu ya maji, kwenye maji ya uvuguvugu yenye gramu 30 hivi za asidi ya sitriki kwa kila lita, unga ambao huuzwa penye vifaa vya kuokea keki. Povu likiisha, suuza vizuri. Usikwangue kwa kisu wala msasa, kwa kuwa utaondoa utando wa nikeli unaolilinda ganda. Usichanganye asidi hiyo na jiki kwa namna yoyote, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Mashine ndogo ya nyumbani inaweza kusafishwa bila kufunguliwa kwa kuipitishia maji hayo, isipokuwa boila yake ikiwa ya alumini, ambayo haifai kukaa na asidi kwa muda mrefu. Humo tumia dawa iliyopendekezwa na watengenezaji wake.

Umeme unapokatika, zima mashine na usiiwashe mpaka umeme uwe umetulia kwa dakika kadhaa. Maji ya mtaani yanapokatika, zima pia, hata kama bado kuna presha. Kila baada ya miezi mitatu chomoa mashine, fungua kifuniko, kaza ncha na usugue kutu. Mashine iliyo karibu na dirisha linaloelekea baharini, kama ilivyo kwa mikahawa mingi ya Shangani na Mikindani, ihamishiwe ndani zaidi au ifunikwe usiku. Kama biashara itapumzika kwa muda mrefu, iwashe mashine ikiwa na maji angalau mara moja kila wiki mbili, ili joto liufukuze unyevu kwenye unga wa elementi, na ile elementi ya akiba uifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, ukiandika juu yake tarehe ya kununuliwa na om ilizosoma siku ilipofika.